Mngurumo na Mtetemo katika Vidhibiti Volteji

Kidhibiti volteji cha mstari, kama 7805 yenye miguu 3, hupokea volteji inayopandashuka na kutoa iliyotulia; ziada hugeuka joto. Saketi ikipiga kelele, mafundi wengi hukimbilia kubadilisha chipu hiyo, na mara nyingi wanaitupa bure. Kosa huwa kwenye kapasita au nyaya zinazoizunguka.

Kwanza itambuliwe kelele yenyewe. Kwa umeme wa hezi 50, dayodi 4 za daraja hutoa mawimbi 100 kwa sekunde, na spika hunguruma kwa sauti nzito. Mngurumo huo hutoka upande wa kuingilia. 7805 huhitaji takriban volti 7 ili itoe 5. Zikipungua, hata kwa kitambo kidogo mno, udhibiti hukatika na bonde la wimbi hupenya hadi kwenye mzigo. Tuchukue transfoma ya volti 9. Kilele chake ni kama 12.7; dayodi mbili zikishakula 1.4, hubaki 11.3. Mzigo ukivuta nusu ampea, kapasita ya mikrofaradi 2,200 huacha volteji ishuke kama volti 2 tu kabla ya kilele kinachofuata. Kapasita hiyo ikizeeka na kukauka hadi 1,000, mshuko hukaribia volti 5, na bonde hufika 6.3. Mita iliyowekwa DC itasoma wastani, karibu volti 9, na fundi ataamini kwamba upande huo ni mzima. Aitazame kapasita kichwani: ikiwa imetuna au imevuja, aanzie hapo.

Mtetemo ni ugonjwa mwingine. Chipu yenyewe huzalisha mawimbi, pengine ya mamia ya kilohezi, ambayo sikio haliyapati. Dalili zake ni chipu kupata moto ilhali mzigo ni mdogo, au redio ya jirani kuvuma. Katika 7805, volteji hutokea kwenye emita ya transista, na mpangilio huo ni mtulivu kwa asili. Kwa kawaida kapasita ya mikrofaradi 0.33 kwenye kuingilia na ya 0.1 kwenye kutokea, zote zikiwekwa karibu na miguu, zinatosha. LM2940, inayoridhika na tofauti ndogo ya volteji, hutoa umeme kupitia kolekta, kwa hiyo utulivu wake hutegemea kapasita ya kutokea: angalau mikrofaradi 22, yenye ukinzani wa ndani usiozidi wala kupungua mno. LM1117 nayo hutaka ukinzani wa kati ya omu 0.3 na 22.

Hapa ndipo nia njema inapoponza. Fundi huondoa kapasita ya tantalamu akaweka kapasita ya kauri, mpya na bora kwa kila kipimo, na saketi iliyokuwa kimya ikaanza kutetema, kwa sababu ukinzani wa kauri ni mdogo mno. Kipingamizi cha nusu omu kikiunganishwa mfululizo na kauri hiyo huweza kuituliza. Vidhibiti vipya vilivyobuniwa kwa kauri havina shida hii. Karatasi ya data husema.

Tukirudi kwenye mngurumo, katika LM317, kidhibiti kinachorekebishika, kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye mguu wa kurekebishia huongeza uzuiaji wa mngurumo kutoka desibeli 65 hadi 80 hivi.

Anayepima kwa osiloskopu afupishe waya wa hasi wa kipimio. Ukiwa mrefu hunasa kelele za hewani, na skrini huonyesha mtetemo usiokuwepo.