Ramani za Dhahabu: Lulimba, Kamituga, Tervuren

Anayetoka Baraka kwenda Lulimba hupanda kwanza milima ya Fizi, katika Kivu Kusini, kisha hushuka upande wa pili kuelekea mto Kimbi. Huko ndiko iliko Misisi, mji uliojengwa na dhahabu. PDG, yaani mwenye shimo, ana vijana wake, vijana wana sururu na chepe, na mawe yakishatoka chini hupondwa, huoshwa, kisha dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Wengi hudhani kazi hii haijawahi kuonana na chuo kikuu. Vimeonana, tena zamani. Ila majibu ya utafiti yalikwenda kukaa mbali.

Mwaka 1923 kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, ilizaa kampuni ya madini, MGL, ambayo jina lake bado linatajwa katika mji wa machimbo wa Kamituga. Wanajiolojia wake walisomeshwa Ulaya; huku wabeba mizigo na waonyesha njia walikuwa wenyeji. Chuo kilitoa mtaalamu, kampuni ikatoa mshahara, na kilichoandikwa daftarini kikawa siri ya biashara. Nyaraka nyingi za makampuni ya madini ya Kongo ziliishia katika jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels.

Katanga mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1956 chuo kikuu kilifunguliwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, jirani na mitambo ya kampuni ya shaba ya Union Minière, na mwanafunzi aliweza kutoka darasani akaingia kiwandani. Mobutu alipoviunganisha vyuo vyote kuwa UNAZA mwaka 1971, masomo ya madini yalibaki hukohuko Lubumbashi. Kijana wa Fizi aliyetaka kusoma mawe ya kwao alilazimika kuyafuata Katanga, na akihitimu, aliyekuwa na kazi ya kumpa ni Gécamines, mrithi wa Union Minière, yaani shaba. Kwa maoni yangu, jambo hili limeiumiza Kivu kuliko tunavyokiri: vita vimelaumiwa kwa mengi, lakini pengo hili lilikuwepo kabla ya vita.

Huku Kivu, kampuni ya madini ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani, ilivunjika mgongo bei ya bati ilipoporomoka mwaka 1985. Banro ya Kanada ikainunua mwaka 1996. Pamoja na mashimo, ilipata makabrasha ya zamani, na wanajiolojia wake walianzia hapo. Mgodi wake wa Namoya, ng'ambo ya mpaka wa Maniema, ilianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016.

Tazama jinsi kazi yenyewe ya utafiti inavyofanyika. Mashine huchoronga mwamba na kutoa vipande virefu vya mviringo, ambavyo hupangwa katika masanduku na kuandikwa kina chake. Kila kipande hupasuliwa kwa msumeno katikati, kwa urefu. Nusu hubaki sandukuni kama ushahidi. Nusu ya pili husagwa na kupelekwa maabara. Unga wa Banro ulivuka mpaka hadi maabara ya SGS, Mwanza. Barua ya majibu ilirudi kwa kampuni.

Siku hizi Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, UOB, kinafundisha jiolojia, na watafiti wake wameshirikiana na wale wa Tervuren kuchunguza maporomoko ya ardhi yanayobomoa nyumba Bukavu. Huo ni ubia wa maana, ingawa hauna kampuni ndani yake.

Kampuni imebisha hodi kupitia mlango mwingine. Julai 2025 KoBold Metals ya Marekani, inayotafuta madini kwa akili unde, ilitiliana saini na serikali ya Kongo makubaliano yanayogusa pia kuingiza kwenye kompyuta kumbukumbu za kijiolojia, zikiwemo zile za Tervuren. Inachotamani zaidi ni lithiamu na shaba. Lakini Tervuren makabrasha ya shaba na ya dhahabu yako chini ya paa moja, na atakayepewa ufunguo wa kwanza ataisoma Kivu kabla ya mwanafunzi wa Bukavu.