Rada ya Mambrui na ile video sikuposti

Wiki jana nilikuwa na video tayari. Nimeandika maneno, nimeweka taa, kilichobaki ni kurekodi. Kichwa chake kilikuwa "Shule Si Kitu". Leo nawaambia kwa nini hamtaiona.

Wengi wenu mnajua niliacha kampasi mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea uhandisi wa umeme, karo ikawa shida, na mwishowe mimi mwenyewe nikachoka. Tangu hapo, kila nikiposti kitu cha sayansi lazima kuwe na msee mmoja kwa komenti: "Wewe uliacha shule, utatufunza nini?" Basi nikatafuta mtu wa kumnyamazisha.

Nikampata Percy Spencer. Mmarekani, aliacha shule akiwa na miaka kama 12 akaenda kufanya kazi kiwandani. Mambo ya redio alijifundisha mwenyewe. Kwa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa kampuni ya Raytheon, na ndiye alionyesha jinsi ya kutengeneza magnetroni kwa wingi. Magnetroni ni kile kifaa kinatoa mawimbi mafupi yenye nguvu, na ndicho kilifanya rada nzuri itoshee ndani ya ndege. Baadaye, chokoleti ikamyeyukia mfukoni akiwa karibu na magnetroni, na hapo ndipo stori ya maikrowevu inaanzia. Noma, si ndiyo? Aliyeacha shule ameshinda, kwisha.

Shida ni kwamba niliendelea kusoma.

Kumbe magnetroni yenyewe Spencer aliletewa. Walioiunda ni wanafizikia wawili, John Randall na Harry Boot, pale University of Birmingham, Uingereza, Februari 1940. Miezi michache baadaye Waingereza wakaibeba hadi Marekani. Nikajiambia sawa, hiyo sehemu nitaikata.

Halafu nikakutana na jina ambalo sikutegemea kabisa kwa stori ya rada: Mambrui. Ndiyo, Mambrui yetu, hapo juu ya Malindi.

Kwanza muelewe rada inafanya nini. Unapiga kelele kwenye bonde, sauti inagonga mlima na kukurudia. Ukihesabu muda, unajua mlima uko mbali kiasi gani. Rada inafanya hivyo kwa mawimbi ya redio, ambayo yanakimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndege ikiwa kilomita 150 kutoka kwako, mwangwi unarudi baada ya elfu moja ya sekunde. Kazi ni kuupima huo muda mdogo hivyo.

Uingereza walianza na swali la ajabu: je, redio inaweza kumchoma rubani angani? Robert Watson-Watt akampa msaidizi wake, Arnold Wilkins, apige hesabu. Jibu likawa hapana, ila ndege inaweza kurudisha mawimbi. Februari 26, 1935, karibu na Daventry, wakalithibitisha kwa ndege halisi. Vita ilipofika 1939, tayari walikuwa na minara ya rada kwenye pwani yao.

Septemba hiyohiyo, mwanafizikia Ernest Marsden alikuwa melini akirudi New Zealand na karatasi za siri za rada. Meli ikapitia Afrika Kusini. Basil Schonland, profesa wa Johannesburg, akapanda pale Cape Town na kusafiri naye hadi Durban, akisoma zile karatasi njiani. Mashine yenyewe hakupewa. Akarudi kwa wenzake kwenye chuo cha Witwatersrand, wakaanza kuunda yao kwa vifaa walivyoweza kupata. Desemba 16, 1939, ikapata mwangwi wa kwanza kutoka kilima cha Northcliff. Miezi mitatu tu, buda! Wakaiita JB, yaani Johannesburg.

Mwaka 1940 Italia ikaingia vitani, na Somalia ya Waitaliano ilikuwa hapo tu kaskazini mwetu. Rada ya JB ikaletwa Kenya, ikasimamishwa Mambrui kuangalia anga na bahari.

Hapo nikaona nimepata stori tamu zaidi ya Spencer: karatasi, vifaa vya kuokoteza, miezi mitatu, bila kungojea mtu. Lakini ile miezi mitatu ni uongo ukiisema peke yake. Schonland alikuwa amekaa miaka mingi akichunguza radi, na kwa radi lazima upime vitu vinavyotokea ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Watson-Watt pia alianzia hukohuko, akitafuta mvua za radi kwa redio. Hawa watu walipoulizwa swali la rada, mikono yao ilikuwa imeshazoea kazi. Hata Spencer, kuacha shule hakumaanisha aliacha kusoma.

Na kuna kingine kilichonichoma. Maabara ile ilikuwa ya Wazungu, kwa nchi iliyobagua. Mashine ilikuja kulinda koloni, si kutulinda sisi kama sisi. Kijana Mwafrika wa Mambrui mwaka 1940, hata awe na kichwa moto namna gani, hakuwa na mlango wa kuingilia kwenye ile kazi. Yeye hakuambiwa shule si kitu. Alifungiwa. Halafu mimi, mwaka huu, na simu yangu na taa yangu, niwaambie watoto wa form three wauache huo mlango ndiyo nishinde ubishi na mtu wa komenti?

Zi. Nimeifuta.

Kwa yule msee: swali lako liliniuma, lakini halikuwa baya. Nilichoacha ni kampasi, na karo ilichangia. Kile sikufaa kuacha ni vitabu, na hapo siwezi kulaumu karo. Jana nimetoa daftari zangu za mawimbi chini ya kitanda kwa mathe. Zina vumbi, na ukurasa wa 20 kwenda mbele sijaandika kitu. Naanzia hapo.