Hewa ya Kuongezea Katika Ndege Ndogo

Sisi tunaokaa Kapata na mitaa mingine ya Kolwezi twaijua vizuri mitungi mirefu ya chuma iliyo katika karakana za migodi. Mafundi huitumia kwa kuchomelea vyuma. Ndani yake mna hewa iitwayo oksijeni. Mitungi ya namna hiyo iko pia hospitalini, kando ya kitanda cha mgonjwa anayehema kwa shida. Lakini kuna mahali pa tatu panapouhitaji mtungi huo, napo ni wachache wanaopakumbuka: ndani ya ndege ndogo inayobeba abiria. Tutazame basi historia ya jambo hilo, maana ina mafundisho kwa kila nchi ambamo mgonjwa hupelekwa hospitali kwa ndege.

Kwanza tufahamu shida yenyewe. Katika hewa tunayovuta, karibu sehemu 21 kwa 100 ni oksijeni. Hesabu hiyo ni ile ile kando ya ziwa Tanganika na juu ya mlima Kilimanjaro. Kinachobadilika ni uzito wa hewa. Kadiri mtu anavyopanda, hewa huwa nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo zaidi. Kolwezi iko karibu mita 1,440 juu ya bahari. Hapa petu hewa imekwisha kupungua karibu sehemu moja ya sita kuliko ile ya pwani, nasi tumeizoea. Kwenye mita 3,000 imepungua karibu sehemu moja ya tatu. Kwenye mita 5,500 imebaki nusu tu.

Watu wa kwanza kulipa gharama ya elimu hiyo hawakupanda ndege, bali puto kubwa zilizojazwa gesi. Tarehe 5 Septemba 1862, Waingereza wawili, James Glaisher na Henry Coxwell, walipanda kutoka mji wa Wolverhampton. Huko juu Glaisher alizimia. Mikono ya Coxwell ikafa ganzi kwa baridi, hata akalazimika kuvuta kwa meno kamba ya kuifungulia gesi ili puto lishuke. Wakapona kwa shida.

Wafaransa watatu hawakuwa na bahati hiyo wote. Tarehe 15 Aprili 1875, Gaston Tissandier, Joseph Crocé-Spinelli na Théodore Sivel walipanda kutoka Paris katika puto lililoitwa Zénith. Hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamefundishwa na mwalimu mkuu wa mambo hayo, Paul Bert, nao walichukua mifuko mitatu yenye oksijeni. Lakini Bert aliona kwamba haiwatoshi, akawaandikia, barua ikachelewa. Basi wakapatana kuitunza hewa yao mpaka watakapoona wanaihitaji sana.

Je, kukatokea nini? Walipopita mita 7,500, Tissandier alitaka kuushika mpira wa kuvutia oksijeni. Mkono ukakataa kuinuka. Baadaye alisimulia kwamba hakusikia maumivu yo yote. Kinyume chake, alisikia furaha moyoni. Puto likafika zaidi ya mita 8,000. Liliposhuka, Tissandier peke yake alikuwa hai, naye masikio yake yaliharibika. Rafiki zake wawili walikuwa maiti, na oksijeni ilikuwa karibu nao!

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Njaa humwambia mtu kwamba chakula kimepungua, na kiu humwambia kwamba maji yamepungua. Lakini upungufu wa oksijeni hausemi. Humlevya mtu kwanza, humfurahisha, humwondolea akili ya kujitazama, halafu humwangusha. Kwa hiyo anayengoja kusikia haja ndipo avute, huenda asiweze kuvuta tena. Paul Bert aliyaeleza yote katika kitabu kikubwa alichokitoa mwaka 1878.

Siku zile oksijeni ilikuwa ghali, maana ilitengenezwa kidogo kidogo kwa dawa za maabara. Kilichoishusha bei ni kazi ya viwanda. Mwaka 1895 Mjerumani Carl von Linde alipata njia ya kuigeuza hewa kuwa maji kwa baridi kali, na mwaka 1902 aliweza kuitenga oksijeni humo. Wakati ule ule Mfaransa Georges Claude alifanya kazi kama hiyo. Karibu na mwaka 1903 mafundi wakaanza kuchomelea na kukata chuma kwa moto wa oksijeni na asetilini. Karakana zote zikaitaka, nayo ikawa nyingi. Kumbe mitungi ya mafundi wa chuma ndiyo iliyofungua njia kwa mitungi ya wagonjwa na ya wasafiri.

Ndege kubwa zikapata dawa nyingine. Mwaka 1931 Auguste Piccard, Mswisi aliyefundisha Brussels, alipanda kwa puto mpaka mita 15,781 akiwa ndani ya mpira wa aluminiamu uliofungwa kabisa, wenye hewa yake. Gharama zililipwa na mfuko wa sayansi wa Ubelgiji. Mwaka 1940 ndege ya Boeing 307 ikaanza kubeba abiria katika chumba kilichosindikwa hewa namna hiyo. Ndiyo sababu abiria wa ndege kubwa hukaa leo bila kuvaa kitu usoni. Lakini chumba cha namna hiyo ni kizito na cha gharama kubwa, na ndege ndogo nyingi hazina. Humo abiria huvuta hewa ile ile iliyoko nje.

Na nchi zetu zahitaji sana ndege ndogo. Mwaka 1957 madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha huko Nairobi kazi ya madaktari wa ndege, inayoendelea mpaka leo. Katika Kongo, barabara zikikatwa na mvua, ndege ndogo huwa ndiyo daraja. Lakini uwanja wa Kolwezi wenyewe u juu, na rubani huenda akapanda zaidi ili aikwepe mvua ya radi. Upande wa mashariki milima ni mirefu: Karisimbi ina mita 4,507, na Ruwenzori ina mita 5,109.

Sheria ya Marekani yaagiza kwamba, katika ndege isiyosindikwa hewa, rubani avute oksijeni akikaa zaidi ya nusu saa juu ya mita 3,810. Bali abiria lazima wapewe juu ya mita 4,572 tu. Sababu yake yaeleweka: rubani akilewa, wote wameangamia. Lakini sheria hiyo yamfikiria abiria mzima wa mwili. Je, mama aliyepungukiwa damu? Je, mtoto mwenye kichomi? Je, mgonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi kwetu huuita SS? Oksijeni ikipungua, chembe za damu yake hujikunja na kuziba mishipa, naye hushikwa na maumivu makali. Hao hudhurika chini sana ya mita 4,572.

Zamani jibu lilikuwa: mtungi ni mzito, nao huisha upesi. Tufanye hesabu. Kwa desturi mtu mmoja hupewa lita moja kwa dakika kwa kila mita 3,000. Abiria wanne wakiwa mita 3,000 hutumia lita 240 kwa saa. Lakini mtu anapotoa pumzi, oksijeni inayomiminika hupotea bure. Katika miaka ya 1980, kwa ajili ya wagonjwa wa mapafu waliotibiwa nyumbani, vilitengenezwa vyombo vya kuizuia hasara hiyo: mpira wa puani wenye kifuko cha kutunza hewa, na kifaa kinachotoa oksijeni pale tu mtu anapoanza kuvuta. Marubani wakaviazima. Mtungi ule ule ukadumu mara mbili, mara tatu, na zaidi. Tena kile kidude cha kubana kidoleni, kilichotokana na kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi ya mwaka 1974, huonyesha oksijeni iliyomo damuni kabla mgonjwa hajalewa.

Basi anayempeleka mgonjwa wake kwa ndege ndogo, na aulize kabla ya kupanda: Tutapanda mita ngapi? Mtungi upo? Umejaa? Mgonjwa na aseme ugonjwa wake wazi. Tena moto, sigara na mafuta viwe mbali na oksijeni, maana huwaka kwa ukali. Tahadhari kabla ya hatari! Wale wawili wa Zénith walikuwa na hewa ya kuwaokoa, wakaitunza mpaka mkono ukashindwa kuichukua. Mtungi ulio katika ndege na usitunzwe hivyo. Mgonjwa na apewe angali anazungumza na kucheka.