Viti Vitupu Elisabethville: bunge na jeshi, kutoka London ya Cromwell hadi Jadotville

Shika mkononi sarafu ya faranga 5 ya Katanga, ya mwaka 1961. Upande mmoja una ndizi, upande wa pili una msalaba wa shaba, ule ule ambao walaji wa shaba wa zamani waliusubu katika tanuru za udongo na kuufanya fedha karne nyingi kabla ya kampuni ya madini ya Union Minière kufika. Nchi iliyotoa sarafu hiyo ilidumu miaka miwili na nusu. Ilikuwa na bendera, benki, jeshi na bunge. Majandarme wake bado wanasimuliwa Panda, Shituru na Kikula, mitaa ya mji wetu wa Likasi, Jadotville ya zamani. Bunge lake halisimuliwi, na hilo linanisumbua kuliko jambo lingine lolote katika habari za mji wetu, kwa sababu mambo yaliharibikia bungeni kabla ya kuharibikia kambini.

Nianze mbali kidogo. Mwaka 1647 jeshi la Bunge la Uingereza lilikuwa limekwisha kumshinda Mfalme Charles wa Kwanza. Wengi wa maofisa wake walikuwa Wapuritani, Wakristo walioamini kwamba Mungu amewakabidhi kazi ya kuisafisha nchi, dini yake na tabia za watu wake. Lakini mishahara ya askari ilikuwa imecheleweshwa miezi mingi, na Bunge lilitaka kuwatawanya bila kuwalipa. Askari wakachagua wajumbe wao na kuanza kujadili nani ana haki ya kutawala. Tarehe 6 Desemba 1648 Kanali Thomas Pride wa jeshi hilo alisimama kwenye ngazi za Bunge na orodha ya wabunge mkononi. Wabunge 45 hivi walikamatwa, na wengine wengi zaidi walizuiwa kuingia. Waliobaki, ambao watu waliwabandika jina la kejeli, Bunge la Mkia, waliandaa kesi ya mfalme. Alikatwa kichwa Januari 1649 na nchi ikawa jamhuri.

Waliobaki walikubali kuketi kwenye viti vyao huku viti vya wenzao vikiwa vitupu kwa amri ya bunduki. Kwa hiyo Aprili 1653, Oliver Cromwell, mkuu wa jeshi lile, alipoingia na askari na kuwafukuza wao pia, hawakuwa na pa kusimama. Walikuwa wamekwisha kukiri kwamba kalamu ya mwenye upanga inaweza kufuta jina la mbunge.

Sasa turudi nyumbani. Katika uchaguzi wa Mei 1960, chama cha Conakat cha Moïse Tshombe kilipata viti 25 kati ya 60 vya bunge la jimbo la Katanga, na kambi ya Balubakat ya Jason Sendwe ikakifuata kwa karibu. Sheria ya Msingi iliyotungwa Brussels ilitaka theluthi mbili ya wabunge wawepo ndipo serikali ya jimbo iundwe. Wabunge wa Balubakat, wakipinga namna kura zilivyohesabiwa na viti kugawanywa, walisusia kikao. Dawa ya mgomo wa namna hiyo ni kuzungumza, kubembeleza, kugawana vyeo hadi wagomaji warudi. Brussels ikaona njia fupi zaidi. Katikati ya Juni, majuma mawili tu kabla ya uhuru wa Kongo, Bunge la Ubelgiji lilibadili sheria ili waliopo watoshe. Tshombe akachaguliwa mbele ya viti vitupu.

Hakuna risasi iliyopigwa siku hiyo. Lakini nusu ya jimbo, hasa kaskazini, iliambiwa kwamba kutokuwepo kwake hakuna uzito. Kisha tarehe 5 Julai askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni, waliasi Thysville, baada ya mkuu wao, Jenerali Janssens, kuandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Malalamiko yao yalifanana na yale ya askari wa mwaka 1647: mishahara, vyeo, na wanasiasa waliojikumbuka wenyewe kwanza. Uasi ulifika Elisabethville, makao makuu ya Katanga, tarehe 9, na tarehe 11 Tshombe akatangaza Katanga huru. Askari wengi wasio wa Katanga walinyang'anywa silaha na kurudishwa makwao. Mahali pao pakajengwa jandarmeri mpya chini ya Meja Crèvecoeur, Mbelgiji, ikaingiza na mamluki. Kaskazini, walikotoka wabunge wa viti vile vitupu, jandarmeri ilikwenda kufanya kwa moto kazi iliyopaswa kufanywa kwa hoja bungeni.

Kule Léopoldville, mji mkuu wa Kongo, mambo yalipita njia hiyo hiyo. Tarehe 5 Septemba 1960 Rais Kasavubu alimfukuza Waziri Mkuu Lumumba, na Lumumba akamfukuza yeye. Bunge likakataa kufukuzana huko, na tarehe 13 likampa Lumumba mamlaka kamili. Kesho yake Kanali Mobutu akatangaza kwamba amewasimamisha wanasiasa wote. Akaweka Baraza la Makamishna, vijana wengi wao wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu, chini ya Justin Bomboko: watu walioteuliwa kwa usomi wao, si kwa kura. Cromwell alikuwa amefanya hivyo hivyo mwaka 1653, alipowakusanya wacha Mungu 140 walioteuliwa na maofisa. Walidumu miezi mitano. Makamishna wa Mobutu nao walidumu takriban hivyo. Mtu asiye na mpiga kura nyuma yake hana wa kumtetea siku mwenye silaha anapomchoka.

Mji wetu ulilipa. Septemba 1961 kombania moja ya askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, watu wapatao 150 chini ya Kamanda Pat Quinlan, ilizingirwa na jandarmeri hapa Jadotville siku tano, huku msaada ukizuiwa kwenye daraja la Lufira. Waliishiwa maji na risasi, wakasalimu amri bila mmoja wao kuuawa. Watu huisimulia habari hiyo kama filamu ya vita. Mimi naona zaidi kilichofuata. Desemba ile Tshombe alitia saini Kitona kwamba Katanga ni sehemu ya Kongo, kisha akasema hawezi kujifunga mpaka bunge lake likubali. Ghafla lile bunge la viti vitupu likawa na heshima kubwa. Lilijadili hadi Februari 1962 na kupitisha maneno yenye masharti, na jandarmeri ikaendelea kununua silaha. Tarehe 3 Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa, Wahindi, walivuka Lufira ingawa madaraja yalikuwa yamelipuliwa, wakaingia mjini. Kabla ya mwezi kwisha Katanga huru ilikuwa imekufa.

Bunge la taifa lilipata nafasi moja zaidi. Novemba 1965 lilimkataa Évariste Kimba, mtoto wa Katanga, asiwe waziri mkuu. Kasavubu akamteua tena yule yule. Tarehe 24 makamanda walimweka Mobutu madarakani, na siku iliyofuata wabunge wakaipokea serikali yake kwa makofi, yeye akisema miaka mitano inatosha. Machi 1966 akawanyang'anya kazi ya kutunga sheria. Juni Kimba akanyongwa hadharani na wenzake watatu, na hakuna bunge lililoweza kuuliza.

Mwaka huo huo miji ilibadilishiwa majina. Elisabethville ikawa Lubumbashi. Jadotville, iliyobeba jina la Jean Jadot wa Union Minière, ikawa tena Likasi, jina la ardhi hii tangu zamani. Ninalipenda jina hilo na nisingetaka jingine. Lilirudishwa kwa agizo la mwanajeshi, na hakuna mbunge hata mmoja, wa kutoka Panda wala Kikula, aliyeinua mkono kulipigia kura.