Nani alibaki na makuta ya nyuma ya koma?

Ndugu na dada wa promosheni zote, leo siandiki siasa. Naandika juu ya namba 3.

Historia ya feza yetu watu wanaisimulia kwa sufuri. Juni 1967, zaire 1 ilichukua nafasi ya franga 1.000. Tarehe 30 Juni 1998, franga ya leo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100.000. Kwa upande wa hesabu, mabadiliko haya mawili hayana shida: unasogeza koma nafasi tatu, ao nafasi tano, basi. Hata mama wa sokoni mwenye hakukanyaga darasani anaifanya kwa kichwa. Lakini katikati kuna Oktoba 1993. Pale wakubwa hawakukata sufuri tu. Waliamua kwamba zaire mpya 1 ni sawa na zaire za zamani 3.000.000. Gawanya kitu kwa 3, uone kama kitaisha.

Mnakumbuka noti ya 5.000.000, ile ambayo askari walilipwa Januari 1993, wachuuzi wakaikataa, na Kinshasa ikawaka moto. Igawanye kwa 3.000.000: unapata 1,6666 na sita zingine zisizo na mwisho. Zaire mpya ilikuwa na makuta mapya 100. Kwa hiyo noti moja ni zaire mpya 1 na makuta 66, ao 67. Makuta 66 na theluthi mbili, hiyo noti haijachapwa na mtu.

Sasa chukua noti tatu. Ukizijumlisha kwanza, kisha ukagawanya, unapata 5 kamili. Ukigawanya moja moja na kukata mkia, unapata 1,66 mara tatu: 4,98. Ukigawanya moja moja na kuarondi juu, ni 1,67 mara tatu: 5,01. Majibu matatu, noti zilezile, na hakuna aliyeiba. Ongeza wingi uone: kwa noti 3.000 zilizohesabiwa moja moja kwa kukata mkia, zinapungua zaire mpya 20, yaani milioni 60 za zamani. Hizo ni noti kumi na mbili nzima. Kasai zote mbili zilikataa zaire mpya na kuendelea na ile ya zamani. Sababu yao ilikuwa siasa, sisemi ni desimali, lakini hesabu hiyo angalau iliwapita.

Mimi nimefanya uhasibu miaka mingi, na naona watu wanachanganya vitu viwili. Kuarondi kwenyewe si mbaya sana: mara inapanda, mara inashuka, mwishoni inakaribia kusawazika. Kukata ndiko kubaya, juu kila mara kunaenda upande mmoja. Ushahidi mzuri kuliko yote uko mbali na sisi, kwenye soko la hisa la Vancouver, Kanada. Januari 1982 walianzisha kipimo cha bei kikiwa 1.000. Kila hisa ilipouzwa, karibu mara 3.000 kwa siku, kompyuta ilihesabu upya na kukata kila kitu nyuma ya desimali ya tatu. Kila mkato ulikula wastani wa nusu ya elfu moja ya pointi. Nani angeshituka? Lakini nusu hiyo mara 3.000 ni pointi moja na nusu kila siku. Mwisho wa Novemba 1983, Ijumaa, kipimo kilifunga kwenye 524,811. Wakarekebisha hesabu, na Jumatatu kikafungua kwenye 1.098,892. Soko lilikuwa halijaanguka kabisa. Kwa karibu miaka miwili watu walisoma hasara ambayo haikuwepo.

Wazungu wa Ulaya waliposhona euro hawakutaka mchezo huo. Sheria ya mwaka 1997 ilisema kiwango cha kubadilisha kiwe na tarakimu sita na kisikatwe wala kisiarondiwe: franga za Ubelgiji 40,3399 kwa euro 1, siyo 40, siyo 40,34. Na matokeo yakiangukia nusu ya senti kamili, yanapanda. Kila mkia ulikuwa umeandikiwa mwenyewe mapema.

Kwa nini naleta hayo yote humu? Juu katika mashirika na likelemba zetu, mweka hazina anapoteza jina kwa sababu ya 0,01. Mnagawa dola 100 kwa watu watatu ndani ya Excel. Kila seli inaonyesha 33,33, na chini SOMME inaonyesha 100,00. Mjumbe mmoja mwenye akili anachukua telefone yake, anajumlisha, anapata 99,99. Shi kelele inaanza! Excel haikudanganya. Inakuonyesha desimali mbili, lakini ndani imeshika 33,3333 na kuendelea, na inajumlisha zile za ndani.

Dawa yake ni kuweka ARRONDI ndani ya kila seli, mbele ya SOMME, siyo kwenye jumla peke yake. Hapo karatasi itasema 99,99, sawa na telefone. Senti inayobaki inaandikwa kwenye mstari wake, na ripoti ya mkutano inasema itaingia wapi: kwa wa mwisho kwenye orodha, ao kwenye kasha ya wote. Kuna vijana wanapenda kuiwekea Excel ile chaguo la kuhesabu kwa desimali zinazoonekana tu. Mimi siipendi. Inafuta zile za ndani moja kwa moja, na hata ukiizima kesho hazirudi.

Leo tunabei kwa dola, tunarudishiwa kwa franga, na kila gishe iko na kiwango chake. Ukubali kupoteza franga kidogo, hiyo ni sawa, lakini uliza kwanza wanakata ao wanaarondi.

Humu ndani kuna wakubwa wetu waliokuwa nyuma ya gishe za banki ile Oktoba 1993. Waandike hapa chini: kwa noti moja ya milioni tano, mlilipa makuta 66 ao 67?