Forodha ya Unguja na daftari la baba

Mimi ni mhasibu. Nimeisomea kazi hii chuo kikuu hapa hapa Uingereza, na bado baba aliponiuliza, "Kwani mwanangu, hasa unafanya kazi gani?" nilimjibu nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Nilidhani lugha yetu haina maneno yake. Kumbe yapo siku zote, na baba aliyatumia dukani kwake! Mtaji. Rehani. Hawala. Rasilimali asili yake Kiarabu, yaani "kichwa cha mali". Hundi na bima zilitufikia kutoka Bara Hindi. Ni maneno ya bandarini haya, kwa hiyo twendeni forodhani Unguja, karne ya 19.

Sayyid Said bin Sultan hakukusanya ushuru mwenyewe. Aliikodisha forodha kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Wahindi wa Kutch. Jairam anampa Sultani kiasi maalumu kila mwaka, halafu anakusanya ushuru, kinachozidi chake. Kwa mkataba wa 1833, bidhaa za Wamarekani zilitozwa asilimia 5.

Sasa itazameni kihesabu. Kodi anayolipa Jairam ni gharama isiyobadilika: meli zije zisije, analipa. Ushuru ni mapato, nayo yanapanda na kushuka. Mwaka mzuri, faida. Mwaka mbaya, hasara, na hasara ni yake peke yake. Sultani amenunua usingizi, bei yake ni ile faida aliyoiachia.

Ila pesa zilipompungukia, Sultani alichukua tena kwa Jairam yule yule, ikaandikwa deni. (Msimcheke, mimi nina kadi ya benki.) Fedha mkononi anazo, lakini si mapato. Wanafunzi wengi hukosea hapo hapo: wanaona pesa imeingia, wanaiita faida. Said alifariki mwaka 1856, deni likawafuata wanawe waliotawala baada yake.

Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba mali ni sawa na deni ukijumlisha na mtaji. Pande mbili, lazima zilingane. Kusema kweli niliipenda kanuni hii mpaka nilipofika kwenye rehani. Wenye mashamba ya karafuu walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, wakaweka rehani mashamba pamoja na watumwa. Yaani watu waliandikwa upande wa mali, mstari mmoja na mikarafuu. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, alianza kuwaacha huru watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi, kwa kuwa aliwahesabu Wahindi hao kuwa raia wa Uingereza. Daftarini, hiyo ni mali iliyofutika. Kihesabu ni hasara, na mwenye daftari angeiandika hivyo hivyo, hasara, bila kukosea hata senti.

Nilimsimulia baba yote haya Jumapili, daftari lake la zamani la duka likiwa mezani, wadaiwa upande huu, wadai upande ule. Akanyamaza kidogo.

"Na sisi je, tuliandikwa upande gani?"

Sikuwa na jibu. Anachojua yeye ni kwamba bibi yake alizaliwa shamba, katikati ya mikarafuu, na hata mkarafuu mmoja haukuwa wake.