Ua la Bi Thomson, Mguu wa Grant na Majina ya Mimea ya Karagwe

Umewahi kuona mmea unaotambaa ukutani, wenye maua meupe kama vitaa vidogo na kitu chekundu kinachochungulia kwa chini? Waingereza wanauita moyo unaotoka damu. Jina lake la kisayansi ni Clerodendrum thomsoniae. Kuupanda si kazi: kata kijiti, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu, pawe na kivuli kidogo. Baridi kali tu ndiyo hauiwezi.

Sasa, huyo thomsoniae ni nani? Asili ya mmea huu ni Afrika Magharibi. Mmisionari William Cooper Thomson, aliyekuwa Calabar, Nigeria ya leo, aliomba upewe jina la marehemu mke wake. Jina hilo lilichapishwa mwaka 1862.

Mwaka huohuo, huku Karagwe, James Augustus Grant alikuwa amelala kwa Mukama Rumanika akiuguza mguu. Alifika Novemba 1861 pamoja na John Hanning Speke. Januari Speke akaendelea na safari ya Buganda. Grant akabaki mpaka Aprili, akaondoka akiwa amebebwa kwenye machela. Mimea iliyokusanywa katika msafara wao ilichapishwa London na Jumuiya ya Linnean miaka ya 1870.

Grant naye ana jina lake porini: swala granti. Lakini fikiria kidogo. Mgeni akiuliza "mmea huu ni wa nini?", anayejibu ni mwenyeji. Huyo mwenyeji jina lake liko wapi?

Usidhani pia kwamba jina la kisayansi halibadiliki. Afrika Mashariki tuna kichaka chenye maua ya bluu yanayofanana na kipepeo, na mizizi yake hutumika sana kwenye dawa za asili. Zamani kiliitwa Clerodendrum myricoides, ndugu kabisa wa ua la Bi Thomson. Mwaka 1998, baada ya uchunguzi wa vinasaba, kikahamishiwa ukoo mwingine: leo ni Rotheca myricoides. Mmea ni uleule, karatasi ndiyo imebadilika.

Kwa hiyo likizo hii, ukiwa Kayanga, Nkwenda au Murongo, mwoneshe bibi kichaka hicho. Muulize kinaitwaje kwa Kinyambo na kinatumikaje. Andika anachosema, na usisahau kuandika jina lake yeye.